Tarehe za Uzi na Sumaku

Sikio la kushoto la ndugu yangu lilikaa ukutani nyumbani kwa mama yetu, huko Kamenu, kwa miaka mitatu, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Mwaka wa uchaguzi, bwana mmoja aliyekuwa akitafuta kiti alichapisha kalenda za kugawia watu bure. Picha yake iko mbele, meno yote nje, na nyuma yake umati wa waliolipwa soda na mkate wakimshangilia. Katikati ya umati huo, baina ya mwavuli na bega la mtu, kuna sikio. Ndugu yangu aliapa kwamba ni lake. Akabeba kalenda mkono mzima, moja akapigilia msumari sebuleni, na kila mgeni akiingia anaonyeshwa kabla hajapewa chai. Bwana mwenyewe alishindwa vibaya, jina lake hata wapiga kura wake wamelisahau, lakini sikio likabaki pale.

Ukiniuliza, shida si yeye peke yake. Kwetu kalenda haitoki ukutani kwa sababu mwaka umeisha. Inatoka picha ikichakaa. Mama alikuwa na ya agroveti, wauza dawa za mifugo, yenye ng'ombe aliyenona kupita kiasi, na ya duka la magodoro yenye bibi harusi aliyelala na viatu, zote za miaka iliyokwisha kuzikwa. Mtu akitaka kujua tarehe anatoa simu mfukoni. Za ukutani ni za kuangalia ng'ombe. Mimi nilizicheka miaka yote na sikuwa na neno nazo, mpaka mmoja wetu alipoamua kusoma mojawapo.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kulia lilifunga kitambo, kabla hata hatujajua ugonjwa huo una jina. Akabaki na la kushoto. Daktari wa Thika alituambia sote watatu, kwa Kiswahili ambacho hata kuku angekielewa, kwamba hilo moja ni la kulindwa: dawa ya matone asubuhi na jioni, na kuja kupimwa siku aliyopangiwa bila kukosa, maana dawa ile ilikuwa imeanza kumshinda na siku hiyo ndiyo angebadilishiwa. Mwanga wa jicho ukichukuliwa na presha haurudi, alisema. Ndugu yangu alikuwa ameketi pale akiitikia kwa kichwa, ah, yule mtu kwa kuitikia humshindi.

Nesi akaandika tarehe kwenye kadi: kumi, mwezi wa sita. Nikasema nitatoka kwangu Kimbo, kule Ruiru, nije nimpeleke, cherehani nitaifunga siku moja, wateja hawatakufa uchi. Ndugu yangu akakataa. Yeye ndiye kijana wa boma, anakaa hapo na bibi yake, atampeleka mwenyewe. Sawa. Nikarudi zangu Ruiru kushona sare za shule.

Sasa ona alichofanya. Mama haishi kwa tarehe, anaishi kwa siku. Jumapili kanisa, Jumatano ushirika wa akina mama, Jumamosi kufua. Akamuuliza mwanawe, hiyo kumi itakuwa siku gani? Mwanawe ana simu kubwa kama kibao cha chapati, ina kalenda ndani, ina saa, ina tochi. Hakuitoa. Akainuka, akasimama mbele ya sikio lake, akaweka kidole, akasema, "Ijumaa ya pili, Mathe." Na Mama, ambaye alimzaa na angalau alipaswa kumjua, akaamini.

Kwa hiyo Ijumaa ya pili walivaa wakaenda. Mlango wa macho umefungwa, maana macho huko huangaliwa Jumanne tu. Nesi akawaambia tarehe yao ilipita tangu Jumanne. Mtu mwingine angeinamisha kichwa. Ndugu yangu akabishana. Akamwambia yule nesi, mbele ya wagonjwa wa meno na wa kifua, kwamba kalenda ya kwao inasema hivyo na hivyo, kwa hiyo hospitali ndiyo iliyokosea. Wakapewa siku nyingine, mwezi wa kumi, maana foleni ya macho ni ndefu. Akaja kunipigia simu jioni. "Sasa siz. Hawa watu wa hospitali wamebadilisha tarehe, wanasumbua tu."

Nilifika Kamenu kesho yake na hasira zangu zikiwa moto. Nilimkuta ameketi chini ya sikio anakunywa uji.

"Hii kalenda ni ya mwaka gani?" nikamuuliza.

"Tarehe ni tarehe. Kumi ni kumi."

"Kumi ya mwaka gani?"

Akaniangalia kwa huruma, haki ya Mungu, kwa huruma. "Siz, wewe umezoea mambo ya nguo."

Nikanyosha mkono niing'oe. Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akasema, "Iache hapo, maitu." Ndivyo anavyoniita, yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. Nikaiacha. Lakini nilitoka pale nikijua kwamba kati ya siku hiyo na mwezi wa kumi, jicho la mama yangu lilikuwa mikononi mwa mtu anayesoma siku kutoka mwaka uliokufa. Kumshauri nisingeweza. Sikio la kufa halisikii dawa, na hilo lilikuwa na picha. Nikaamua kutengeneza kalenda isiyo na mwaka wowote ndani yake, kalenda ambayo hata yeye angeshindwa kuikosea.

Wauza gesi wa Kimbo wana tabia ya kukubandikia friji stika ya sumaku hata kama hujawahi kununua kwao chochote. Stika hizo ni laini, unazikata kwa mkasi wa nguo. Nikabandua zangu, nikazunguka plot nzima nikiomba za majirani: za gesi, za maji ya mitungi, ya fundi wa bomba ambaye tangu aiache hapo hajawahi kushika simu. Majirani wakataka kujua ni za nini. Nikawaambia ni za kalenda. Mmoja akaniuliza kwani simu yangu imeharibika. Watu wa Kimbo, kichwani mwao kila kitu kiko ndani ya simu, na hawajui hata mama zao wamepangiwa lini hospitali.

Nilikuwa na trei nyeusi ya chuma, iliyobaki baada ya oveni yake kufa. Ndugu yangu aliposikia akasema ana kitu bora, akaniletea sinia la harusi yake, aluminiamu inayong'aa. Nikaweka sumaku, ikadondoka. Akaweka yeye, ikadondoka. Akaiokota, akaiangalia pande zote, akasema sumaku zangu ni mbovu. Nilichukua trei yangu, nikaipiga rangi nyeupe, nikagawa vyumba kwa gundi nzito inayokauka ikiwa imeinuka, safu saba kwenda kando, kuanzia Jumapili.

Namba nilitaka kuziandika kwa kalamu ya wino mweusi, kubwa, nimalize. Mama akakataa. Akataka zishonwe.

"Tumia uzi wa vitambaa," akasema. "Ule mnene."

Nikajua ni urembo wa kizamani. Mama ni wa kizazi cha vitambaa: kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, kitambaa kikubwa kina kitambaa kidogo juu yake, na vyote alivifuma yeye. Basi nikabeba vipande vya sumaku nilivyovivisha nguo, nikaja Kamenu Jumamosi baada ya Jumamosi, tukawa tunashona tarehe. Mimi natunga uzi kwenye sindano, yeye anashona. Alishona bila kuangalia, uso ameelekeza dirishani, vidole vinakwenda vyenyewe. Nilimsifu. Nikamwambia mkono haujasahau. Akacheka kidogo akasema mkono hauna kazi nyingine.

Akataka alama za siku pia, si majina. Jumapili msalaba. Jumatano kikombe, kwa kuwa ushirika wao ni chai kuliko maombi. Siku nyingine zihesabiwe kutoka hizo mbili. Halafu vikumbusho: ndoo kwa siku za maji ya mfereji, kuku kwa siku ya chanjo ya kuku wake, na pembeni kifungo kidogo cha dawa, kinasukumwa kushoto asubuhi akishatia matone, kulia jioni. Na jicho. Jicho nililifanya mwenyewe kwa kifungo kikubwa cha koti, nikakizungushia uzi wa sufu. Hilo lingekaa juu ya tarehe kumi na nne ya mwezi wa kumi, siku ya kurudi kwa daktari, na mtu wa kulikosa angekuwa amekusudia.

Kazi yake ilikuwa rahisi. Mwezi ukianza unabadilisha kibao cha mwezi, unazipanga namba upya moja ikae kwenye siku yake, basi. Inatumika mpaka trei ioze. Niliitundika sebuleni pembeni ya sikio, maana Mama bado hakutaka sikio liguswe, nikamwonyesha ndugu yangu mara moja, na ya pili, na ya tatu kama mtoto wa nasari. Akaitikia kwa kichwa.

Wiki haikuisha kabla hajaanza kuwaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake. Bibi yake naye, wifi yangu, aliona trei haipendezi, akaifunika kitambaa. Kitambaa cha Mama mwenyewe, cha maua ya zambarau. Nikija nakuta tarehe zimevikwa kama maiti, na Mama ameingiza mkono chini ya kitambaa, anapapasa, anasukuma kifungo chake cha dawa. Nikamwambia wifi kalenda si runinga, haifunikwi. Akasema anaogopa vumbi. Nyumba hiyo vumbi ndilo linaloogopwa.

Mwezi wa tisa ulipokuwa ukingoni nilikwama na kazi ya magauni ya harusi huko Mwiki, mabibi harusi hawana subira ya kitu chochote isipokuwa kunenepa baada ya kupimwa. Nikampigia ndugu yangu nikamwambia mwezi ukigeuka apange namba. Akasema amepanga tayari, jicho ameweka juu ya kumi na nne, nitulie, kwani namchukulia kama nani.

Nilimchukulia kama yeye, na nilikuwa sawa. Alichofanya, nilikuja kujua baadaye, ni kubadilisha kibao cha mwezi peke yake. Akatoa wa tisa, akaweka wa kumi. Namba akaziacha palepale zilipokuwa, kwa hoja ileile, kumi na nne ni kumi na nne. Akabandika jicho juu yake, akajipangusa mikono, akaenda kuangalia mpira.

Mama ndiye aliyenipigia, jambo ambalo hafanyi, maana huona simu ni ya watoto kumtafuta yeye. "Maitu, nichukue Jumanne inayokuja. Si siku nyingine, Jumanne." Nikamuuliza kwani kuna nini, si ndivyo tulivyopanga? Akasema ndiyo, alikuwa anahakikisha tu.

Jumanne hiyo nilifika asubuhi mapema. Mama amevaa sweta ya kijani, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, ameshika kadi yake. Ndugu yangu alikuwa mlangoni amekunja uso.

"Lakini kliniki ilikuwa Jumapili," akaniambia. "Nilimwambia Mathe jana yake. Nikamwambia tu Jumapili watakuwa wamefunga, kwa hiyo tungoje watupe ingine."

"Nani alikwambia ni Jumapili?"

"Hiyo trei yako."

Nikainua kitambaa. Kumi na nne ilikuwa chini ya Jumanne, na jicho juu yake, kila namba mahali pake mpaka thelathini na moja. Nikamgeukia nimwambie alivyo, naye akashangaa kuliko mimi.

"Niliipanga mimi," Mama akasema. "Nilikuta jicho liko kwa msalaba. Jumapili daktari ni Mungu peke yake. Nikazisogeza zote nafasi mbili." Akatafuta mkono wangu akaushika. "Twende tusichelewe."

Njiani nilimsifu sana. Nilimsema ndugu yangu kuanzia Kamenu mpaka langoni mwa hospitali, nikamwambia Mama kwamba mwanawe ana macho mawili mazima na hayamfai kitu, yangekuwa ya kuhamishwa tungemhamishia yeye Mama. Mama alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, na nilifikiri anaogopa ngazi za hospitali.

Daktari alimwangalia kwa taa muda mrefu. Akainua vidole mbele yake.

"Mama, ni vidole vingapi?"

Mama akaelekeza uso kwenye sauti. Kisha akasema, "Najua mkono uko hapo."

Daktari akashusha mkono polepole. Akasogeza taa huku na huku, akamuuliza anaona nini, Mama akasema anaona mahali pana mwanga na mahali pana kivuli. Ndicho kilichobaki. Daktari akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba angefika ile siku ya mwezi wa sita angebadilishiwa dawa na huenda jicho lingeshika. Sasa watalinda huo mwanga mdogo. Akamuuliza Mama hali hii ilianza lini.

"Tangu mahindi ya kuchoma yatoke," Mama akasema.

Mahindi hutoka mwezi wa saba. Nikakumbuka uzi mnene. Nikakumbuka uso dirishani, na sindano nilizomtungia, na mkono chini ya kitambaa. Miezi yote ile nilikuwa nimeketi naye goti kwa goti tukishona tarehe, naye alikuwa akijitengenezea kitu cha kusoma gizani.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungempigia kelele."

Hiyo ndiyo sababu aliyonipa. Nilikuwa na uchungu kiasi kwamba nilimfungia vifungo vya sweta vilivyokuwa vimefungwa tayari.

Tulipofika nyumbani ndugu yangu alikuwa kwenye kiti chake chini ya sikio. Akauliza kama wametupa tarehe ingine. Nikamwambia Mama haoni. Nikamwambia hivyo bila kuzungusha, na kwamba ni kwa sababu ya ile Ijumaa yake. Akatazama chini. Nikadhani imeingia. Kisha akatikisa kichwa akasema, "Hao madaktari hata hawajui kazi. Pole, Mathe." Akasema hivyo kweli, mbele yangu, na wifi akaenda kuweka chai.

Nikapanda kwenye stuli nikaing'oa ile kalenda na msumari wake. Nilikuwa naipeleka jikoni kuitia kwenye jiko, na ningemwita aje aangalie ikiungua. Mama akasikia karatasi.

"Maitu. Kata hapo kwa sikio, uniwekee."

"Mama, hulioni."

"Silioni. Wewe niwekee kwa trei, upande wa juu, nikifika nalipata."

"Pengine hata si lake," nikasema.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema, na akanyosha mkono wazi, akangoja.

Nikalikata. Nilikuwa na kipande kimoja cha sumaku kimebaki, cha yule fundi wa bomba asiyeshika simu, nikaona kinamfaa mwenye sikio. Nikalibandika juu yake, nikalizungushia uzi mnene ili vidole vilipate, nikaliweka kwenye kona ya juu ya trei. Jicho nililihamisha kwenye siku mpya ya daktari. Kitambaa cha wifi nilikikunja nikakirudisha kwenye redio, na kama anataka cha kufunika trei, anajua cherehani yangu iko wapi.

Sasa mwezi ukigeuka Mama anazipanga namba mwenyewe, ameketi na trei mapajani. Matone hakosi. Mimi huja kila ninapoweza, na juzi nililala huko. Asubuhi ndugu yangu akatoka chumbani anapiga miayo, simu mkononi, akasimama mbele ya trei, macho yake mawili yakiwa mazima kabisa.

"Mathe, leo ni tarehe ngapi?"

Mama akainuka kwenye kiti. Mkono wake ukapita kwanza kwenye kona ya juu, ukakaa hapo kidogo, kisha ukashuka kwenye namba.

"Ni Jumatano, ishirini na mbili," akamwambia. "Na uvae sweta, nje kuna mawingu."

Nikachungulia dirishani. Kulikuwa na mawingu.